Nukta Juu ya Paa la Erastus

Alama ya X ilipakwa Jumatatu asubuhi, nyekundu, ndefu kuliko mtu, na aliyeipaka hakusalimia hata mbwa. Nekoye alikuwa kibarazani anashona sare ya shule, mguu kwenye pedali ya charahani, mgongo kwa ukuta wake mwenyewe. Alihisi tone la rangi limemrukia shingoni, akageuka, akamwona mwanamume wa ovaroli ameshika brashi na debe.

“Wee! Unachafua ukuta wangu kwa nini?”

“Si mimi, mama. Ni ramani.”

“Ramani ina mkono?”

“Hii nyumba haiko kwa ramani. Jumamosi tingatinga inapita. Toeni vitu mapema, msije mkasema hamkuambiwa.”

Akaenda zake hadi kwa Zipporah, mjane wa nyumba ya pili, naye akapakiwa X yake. Hayo ndiyo majibu ya wakubwa wetu, na sasa yameshuka hadi kwa mpaka rangi: mtu anakuharibia nyumba mchana kweupe, halafu anakuambia si yeye. Ukisikia kichefuchefu tayari, jikaze kidogo. Hatujafika mbali.

Mwaka ulikuwa wa tisini na saba. Mradi wa Anwani na Makazi ulikuwa umeingia Kakamega na magari yake meupe, ukakodi ghorofa moja karibu na soko, na kazi yake, kwa jinsi ilivyoelezwa kwenye mkutano wa hadhara, ilikuwa nyepesi. Kila nyumba ya mjini ingewekewa nukta kwenye ramani iliyo ndani ya kompyuta, na ukitaja anwani ya mtu, kompyuta ingekuonyesha hapo hapo mahali anapokaa. Mwenye nukta angepewa namba ya nyumba na baadaye karatasi ya ardhi. Asiye na nukta, nyumba yake haipo, na kitu kisichokuwepo hakivunjwi, kinafagiwa tu barabara mpya ipite. Watu walipiga makofi. Sisi hatujambo kwa makofi.

Bondeni, ule mteremko ulio chini ya mtaa wa Amalemba, ndiko walikokuwa wakiishi Nekoye na mumewe Ignatius Wangila, mpishi wa shule ya bweni. Ardhi walipewa na wazee wa hapo kabla mji haujafika, na nyumba walijenga wenyewe, tofali kwa tofali. Ignatius aliporudi jioni ile, ananuka maharagwe ya wanafunzi mpaka kwenye nywele, alisimama mbele ya ile X.

“Haiwezekani,” akasema. “Mimi nilijiandikisha. Mtu wa kwanza kabisa hapa Bondeni.”

Ni kweli alijiandikisha. Siku makarani wa mradi walipopita, Ignatius alivaa shati la Jumapili, akatoka nje, na alipoulizwa anwani akaitaja kwa sauti ya kusikika ng’ambo ya pili: sanduku la posta la Erastus. Hakuna mtu wa Bondeni aliyekuwa na boksi lake. Boksi hulipiwa kila mwaka, na kulipata ni mpaka umjue mtu. Kwa hiyo wote walitumia la Erastus, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule juu barabarani, mzee wa kanisa lao. Barua ikija, Erastus anaiweka chini ya kaunta, nawe unaichukua baada ya ibada na kumshukuru. Watu wengi huku ndivyo wanavyoishi, na si aibu. Kuwa na boksi, hata la kuazima, ni kuwa mtu anayejulikana. Asiye na boksi ni kama Khisa, mlevi wa nyumba ya mwisho, ambaye karani alipomuuliza anwani alicheka mpaka akakohoa. “Anwani yangu ni mimi,” alimwambia. “Si unaniona? Niandike hapa.”

Nekoye alitazama chini ya mteremko, kwenye kibanda cha Khisa kilichoegemea upande.

“Baba Khalayi,” akasema, “mbona kwa Khisa hawajapaka?”

Kesho yake wakaenda kwenye ofisi za mradi. Walimchukua Khalayi, binti yao wa kidato cha tatu aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, kwa sababu Nekoye hakuamini kwamba mambo ya ofisi yangezungumzwa kwa lugha ya watu. Mlangoni pa chumba cha ramani tarishi akawazuia kwa mkono.

“Viatu nje. Vumbi inaharibu kompyuta.”

Ignatius alikuwa amevaa viatu bila soksi. Miguu ya mtu anayesimama siku nzima mbele ya sufuria za shule, maji ya moto yanamrukia, si ya kuonyesha wageni. Alivua, akaingia amekunja vidole. Ndani, nyuma ya meza, alikuwa Barasa, afisa wa ramani, na chini ya meza viatu vya Barasa vilikuwa miguuni mwake, vimejaa udongo mwekundu. Kompyuta yenyewe ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Barasa alikikunja taratibu, pembe kwa pembe. Alikuwa mtu wa hapa hapa, wa kutoka Butere, lakini ukimsikia akiongea na mtu wa pekupeku ungedhani ameshuka kwa ndege jana.

“Jina?”

“Ignatius Wangila. Wa Bondeni.”

“Sikukuuliza wa wapi.” Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. “Wangila Ignatius. Mko kwa ramani.”

Nekoye akashusha pumzi. “Asante Mungu! Basi yule mtu wenu amekosea nyumba.”

“Ngoja, mama. Mko, lakini si kule. Mko hapa.” Akaweka kidole kwenye kioo.

Khalayi akainama kuangalia. Nukta nyeusi zilikuwa zimerundikana mahali pamoja, moja juu ya nyingine, mpaka zikawa doa.

“Hapo ni wapi?”

“Barabara kuu. Duka la Mzee Erastus.”

“Kumbe Bondeni yote tunalalanga juu ya paa la Erastus!” Khalayi akaangua kicheko, na mama yake akamfinya.

Barasa hakucheka. Akaeleza, macho yake yako dirishani, kwamba wataalamu waliotengeneza programu walitaka jina la mtaa na namba ya nyumba. Sasa Kakamega hii, ni njia gani ya Bondeni yenye jina? Kwa hiyo wakakata shauri: pasipo na mtaa, kompyuta itumie boksi. Inatafuta mwenye boksi ni nani, ana jengo wapi, na hapo ndipo inapoweka nukta.

“Mlitoa boksi ya Erastus, mkawekwa kwa Erastus,” akasema. “Kompyuta haijakosea. Imefanya vile mlisema wenyewe.”

“Boksi ni ya barua,” Nekoye akasema. “Kuna mtu unajua analalanga kwa boksi?”

“Mama, mimi nasoma kile kiko hapa.”

“Na Khisa je? Khisa hana boksi, hana hata kufuli.”

Barasa akatafuta. Ikatokea nukta moja, huko chini, peke yake, mahali pake hasa. “Huyu hakuwa na anwani. Wale hawana anwani, karani alienda na kale kamashine kanaongea na setilaiti, akasimama kwa mlango, kakatoa mahali. Huyu yuko sawa kabisa.”

“Basi leteni hako kamashine kwangu.”

“Haiwezekani. Kamashine ni ka wasio na anwani. Nyinyi mko na anwani.”

“Futa basi. Andika hatuna.”

“Siwezi kumfutia mwananchi anwani yake,” Barasa akasema, na hapo ndipo alipowatazama kwa mara ya kwanza. “Hiyo ni haki yenu.”

Haki yenu! Mtu anakwambia nyumba yako inakufa Jumamosi, na papo hapo anakulinda haki yako ya kuonekana unakaa kwenye paa la mwenzako. Ignatius alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amezoea kukubali mbele ya watu wenye meza.

“Kuna njia mbili,” Barasa akaendelea. “Mwenye boksi aandike kwamba aliwaazima tu. Nikipata hiyo, nafuta nukta, mnakuwa watu wasio na anwani, karani anakuja na kamashine. Au aandike kwamba pale mnakaa ni sehemu ya ploti yake, na nyinyi ni wapangaji wake. Hiyo navuta mpaka wa ploti yake unashuka hadi Bondeni, X inafutwa, barabara inapita mbele ya nyumba zenu. Yote mawili ni kwa mkono wa Erastus. Mwisho Ijumaa jioni.”

Akairudishia kompyuta kitambaa chake. Walipotoka, kiatu kimoja cha Ignatius kilikuwepo na cha pili hakikuwepo. Tarishi alikuwa amekitumia kuzuia mlango wa msalani usijifunge. Ignatius alikwenda kukichomoa, akasema, “Samahani.” Samahani, kwa kuchukua kiatu chake! Khalayi aliacha kucheka siku hiyo.

Kutoka hapo walikwenda dukani kwa Erastus, wakamkuta anampimia mteja misumari. Aliwapokea kwa salamu za “mulembe, mulembe” tele, akauliza habari za nyumbani, akasikitika kabla hawajamaliza kueleza. Alikuwa na sauti ya chini, ya mtu anayeongoza sala, na muda wote alipokuwa akisikitika, kidole gumba chake kilikuwa kimelala kwenye sahani ya mizani. Mteja akalipa akaenda.

“Poleni sana. Barasa alipita hapa jana, akanielezea,” akasema. “Ninyi ni watu wangu. Tangu lini nimewanyima boksi yangu?”

“Hujatunyima, mzee,” Ignatius akasema.

“Nimewahi kuwaitisha hata ndururu?”

“La, mzee.”

“Basi.”

“Basi tuandikie tu,” Nekoye akasema, “kwamba boksi ulituazima. Maneno mawili. Hata kalamu ninayo.”

Erastus akashika kichwa. “Mama Khalayi, hapo unanitia kwa shida. Posta hawakubali boksi ya mtu mmoja itumiwe na kijiji kizima. Unataka niandike kwa mkono wangu kwamba nimevunja sheria? Mimi, mzee wa kanisa?” Akainama chini ya kaunta, pale pale barua zao zilipokuwa zikikaa, akatoa karatasi zilizopigwa chapa tayari, moja kwa kila nyumba, majina yao juu. “Lakini hii nyingine naweza. Ninyi mnakubali ni wapangaji kwa ploti yangu, mimi nakubali ni wapangaji wangu, X inatoka. Mtakaa vile mmekaa. Hiyo kodi tutaongea kama Wakristo.”

“Kodi?” Nekoye akauliza. “Kodi ya nini?”

“Kidogo tu, mama. Ili karatasi isiwe ya uongo.”

Msomaji, rudia hayo maneno. Huyu mtu alikuwa akitaka ardhi ya watu wote wa Bondeni, barabara mpya ikipita mlangoni, na kilichomkera ni kwamba karatasi isije ikasema uongo.

“Mzee,” Nekoye akasema, “wewe unajua ile nyumba ni yetu. Ulikuja kuiombea siku tunaingia. Ulikula hapo ukashiba.”

“Mimi najua. Mungu pia anajua.” Erastus akashika tena mizani, kwa sababu mteja mwingine alikuwa ameingia. “Ni kompyuta haijui.”

Jumatano jioni nyumba yao haikuwa na amani. Obusuma, ugali wa jioni, ilipoa mezani. Zipporah alikuja na kigoda chake, akaketi mlangoni, akasema alilokuja kusema bila kuzunguka.

“Mimi nimetia sahihi.”

“Wewe, Zipporah!”

“Mimi. Unanitazamia nini? Mimi ni mjane, Nekoye. Tingatinga ikipita Jumamosi, Jumapili nalala wapi, na mvua ile inasemwa kwa redio inakuja? Nitafanya nini na heshima yangu kwa mvua? Na nyinyi wekeni. Ni karatasi tu.”

“Ni karatasi tu,” Ignatius akasema, kana kwamba alikuwa akingoja mtu mwingine amtamkie. “Tutakaa hapa hapa. Hakuna mtu atakuja kuhamisha kitanda.”

“Baba Khalayi.” Nekoye hakupandisha sauti. “Ukifa wewe kesho, Mungu apishe mbali, nitaenda kwa Erastus kuomba mahali pa kukuchimbia? Nisimame kwa kaunta yake, nimwambie, mzee, naomba kipande cha kumlaza mpangaji wako?”

Mtu wa huku huzikwa kwake, na mtu asiye na mahali pa kuzikwa ni kitu cha kutajwa kwa sauti ya chini. Zipporah aliinuka na kigoda chake, akaondoka bila kuaga, kwa sababu mume wake alikuwa amelala pale nyuma ya nyumba yake, chini ya migomba, na sasa alikuwa amelala kwa Erastus. Hakuwa amelifikiria hilo.

“Sitaweka sahihi bila wewe,” Ignatius akasema hatimaye.

“Sema tena.”

“Nimesema. Bila wewe, siweki.”

Alhamisi asubuhi Nekoye alibeba mfuko wa sare zilizobaki kutiwa vifungo, akaenda kukaa kwenye ngazi za ofisi ya mradi. Hakupiga kelele. Alishona vifungo. Barasa alipopanda, alimruka. Aliposhuka kwenda kula, alimruka tena. Tarishi alimwagia maji ya deki karibu na miguu akijifanya hakumwona, naye akasogea ngazi moja juu, akaendelea. Watu wa soko waliuliza yule mama ana nini, wakaambiwa eti ana wazimu wa mashamba, na wakaridhika na jibu hilo haraka sana.

Ijumaa alirudi, akakaa pale pale. Mchana mambo yalibadilika ghafla. Walileta maua ya plastiki, wakayapanga kwenye ngazi. Wakaleta zulia. Barasa alitoka amevaa koti, akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza hakumruka.

“Mama, ondoka hapa. Wafadhili wanakuja kuona mradi.”

“Ndio nawangoja,” Nekoye akasema, akauma uzi kwa meno. “Nasikia wanapenda kuona. Nitawaonyesha vile tunaishi watu wengi kwa paa moja. Binti yangu amenifundisha kusema kwa Kizungu.”

Barasa akatazama barabarani, akatazama zulia, akatazama miguu ya Nekoye iliyokanyaga zulia. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

“Unataka nini wewe?”

“Kamashine.”

Alitoa kalamu kwa hasira kama mtu aliyeibiwa. Akaandika palepale, karatasi imewekwa juu ya goti. “Nimeandika anwani inabishaniwa. Ikibishaniwa, inafutwa, kamashine inakuja. Karani atakuwa kwako leo jioni kabla ya giza. Haya, pita mlango wa nyuma.”

Ilikuwa rahisi hivyo. Anwani inabishaniwa, maneno mawili, na yalikuwepo kichwani mwa yule mtu tangu Jumanne alipokuwa akiwafundisha haki zao. Hakuyatoa mpaka zulia lilipotaka kuchafuka. Hili ndilo linalonichefua kuliko wizi wa Erastus. Mwizi angalau anataka kitu.

Lakini Nekoye hakuwa na muda wa kuchefuka. Alipita sokoni karibu anakimbia, mfuko unampiga mapajani. Alikuwa akiongea peke yake, akicheka. Aliposhuka Bondeni, kitu cha kwanza alichokiona ni mwanamume wa ovaroli, yule yule, kwenye ukuta wake, anafuta X kwa chokaa nyeupe. Nekoye alipiga kigelegele cha peke yake, katikati ya njia.

“Baba Khalayi! Karani amefika mapema!”

Ignatius alikuwa amekaa kibarazani, kwenye kiti cha charahani, na hakuinuka.

“Karani gani?”

“Wa kamashine! Barasa ameandika. Nimemshinda, Ignatius, nimemshinda!”

Khalayi alitoka ndani, macho yamevimba. “Mama,” akasema, “Baba ameshaweka.”

Maneno yalimtoka Ignatius kidogo kidogo. Erastus alikwenda shuleni, jikoni, saa ya kusonga ugali wa wanafunzi. Alisema tingatinga imeshafika, amepishana nayo. Alisema Nekoye amefukuzwa pale ofisini, amemtukana afisa, polisi wamemchukua, na kwamba yeye Erastus atazungumza nao aachiliwe, lakini azungumze kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mpangaji wake angeweza. Ignatius alikuwa na mwiko mkononi. Alitia sahihi juu ya kifuniko cha sufuria, mvuke ukilowesha karatasi, na Erastus akaipuliza ikauka.

“Alisema umeshikwa,” Ignatius akarudia.

“Na ukaamini.”

“Hukuwa umerudi.”

“Nilikuwa kwa ngazi! Ungetuma mtu aangalie. Ungekuja wewe. Ni hapo juu tu, Ignatius, hapo tu!”

Alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwani. Ignatius alitaka kumshika bega, akauona mkono wake umejaa unga mkavu wa ugali, akaurudisha.

Karani alikuja kweli, kabla ya giza, kama Barasa alivyoahidi. Alikuwa na kale kamashine, kadogo, ka kutoshea kiganjani, kana kioo cha kijani. Nekoye alimsimamisha mlangoni pake kwa mikono miwili, akimwelekeza: “Hapa. Simama hapa. Kawashe.” Karani akakawasha. Halafu akasoma karatasi aliyopewa, akasoma na ya Erastus aliyoonyeshwa na Ignatius, na akakazima.

“Hapa hakuna ubishi tena, mama. Mko kwa ploti ya watu.”

Akaomba maji ya kunywa. Nekoye alimpa, kwa sababu mtu akiomba maji unampa.

Jumapili kanisani Erastus alisimama mbele akatoa ushuhuda. Alisema jinsi Bwana alivyomtumia kuokoa nyumba za watu wa Bondeni zisivunjwe, na watu wakapiga makofi, na Zipporah akapiga pia, kidogo. Baada ya ibada alikuja Bondeni kuwatembelea. Ignatius alikuwa amechinja ingokho, jogoo wa mwisho, bila kumuuliza mkewe. Nekoye alimpika, kwani angefanya nini, amwache aoze?

Erastus alipofika hakuketi kwanza. Alitembea ndani, akagonga ukuta wa chumba cha kulala kwa kiungio cha kidole, akasikiliza. Akatazama juu.

“Haya mabati yamechoka,” akasema. “Ila msijali, nitayatoa. Na hapa mbele, barabara ikipita, ni mahali pazuri pa duka. Hiyo charahani itasogezwa nyuma.”

“Sawa, mzee,” Ignatius akasema, na akampa kiti chake, kile cha mikono, ambacho hata Khalayi hakuwa anaruhusiwa kukikalia.

Nekoye akaandaa. Kuku kwa huku ana utaratibu wake, na hakuna mtoto asiyeujua: imondo, firigisi, ni ya mwenye nyumba. Haikatwi, haigawanywi, haiulizwi. Mgeni awe chifu au askofu, atakula paja, lakini imondo inakaa kwenye sahani ya mwenye nyumba. Nekoye aliiweka kwenye sahani ya mume wake, juu kabisa, ionekane. Akabaki amesimama kando ya meza anamtazama.

Ignatius aliitazama imondo. Akamtazama Erastus, ambaye alikuwa ananawa mikono bila haraka yoyote. Kisha Ignatius akainyanyua kwa vidole viwili, akaivusha juu ya meza, akaiweka kwenye sahani ya Erastus.

“Mzee,” akasema, “karibu.”

Erastus hakukataa, hata kwa adabu. Hakusema “aa, hapana.” Aliitia mdomoni, akaitafuna upande mmoja, akatikisa kichwa kwamba imeiva vizuri.

Nekoye alichukua bakuli lake, akamshika Khalayi mkono, akatoka naye nje.

“Unaenda wapi, mama Khalayi?” Ignatius akaita.

“Kula nje. Mimi siwezi kula ndani ya nyumba ya mtu.”

Walikwenda mpaka kwenye majani, karibu na njia, na Nekoye akawa anatandika kanga chini ili waketi. Kutoka ndani, kupitia dirisha lililokuwa wazi, ikaja ile sauti ya chini, ya kuongoza sala, mdomo ukiwa bado umejaa.

“Ketini tu, mama, msiogope. Hata hapo ni kwangu.”

Nekoye akaiokota kanga, akaikung’uta. Yeye na binti yake wakala wamesimama.